Mlango wa Bi Mashavu

Walionitangulia kufika nchi ya Bawaba wameandika juu ya milima yake na asali yake, na wengi wao wamesema uongo kuhusu vyote viwili. Mimi nitaandika juu ya milango, maana ndiyo niliyoiona kwanza nilipoingia mjini Komeo. Barabara ya kwanza ilikuwa na nyumba zenye milango mizito ya mninga, iliyotiwa njumu za shaba na kusuguliwa mafuta. Barabara ya pili haikuwa na mlango hata mmoja. Miimo ilikuwepo, vizingiti vilikuwepo, bawaba tupu zilining'inia zikishika kutu, na katika kila uwazi aliketi mtu. Hawakuwa wakiota jua wala kupiga soga. Waliketi wameikabili njia, wakanitazama nikipita, na hakuna aliyeinuka.

Nilidhani kuna msiba. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye mlango wake ulikuwa na makomeo matatu, alinieleza kwamba hakuna aliyekufa, wale ni wadaiwa. Kisha akatazama viatu vyangu, akakadiria uzito wa mfuko wangu, akanishauri nikalale kwa mmoja wao, kwa kuwa kwa mila ya Bawaba asiye na mlango hana uwezo wa kumkataa mgeni. Nikamuuliza kama mtu huyo anaweza kunitoza chochote. Akasema hapana, hilo nalo linahitaji mlango. Ndivyo nilivyofika kwa Bi Mashavu, fundi wa magodoro ya sufi, na mama yake Bi Mize, nikakaa kwao muda wote niliokuwa katika nchi ile. Nilikuwa nikiacha fedha chini ya mtungi, nao walikuwa na adabu ya kutouliza zimetoka wapi.

Sheria ya milango nilielezwa na Bwana Idarusi, Katibu wa Tume ya Nafuu kwa Wadaiwa. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele msomaji atakuja kulitilia shaka. Alinipokea ofisini kwake kwa kahawa na haluwa, akafurahi kwamba kuna mtu wa nje anayetaka kujua.

Katika Bawaba kila kitu hukopeshwa: sufuria, viatu, redio, hata jeneza. Anayekopa huweka mlango wake rehani, na akichelewa kulipa, watu wa mdai huja na patasi, wakaung'oa na kuupeleka boharini. Bwana Idarusi alinifafanulia hekima yake kwa utulivu. Mababu waliona kwamba mdaiwa akimwona mdai anakuja hufunga mlango, basi wakakata shauri kwamba njia ya kumfanya mtu awe mwaminifu ni kumwondolea cha kufunga. Na kwa kuwa nyumba iliyo wazi isiyo na mtu kizingitini huhesabiwa kuwa imetupwa, na kilichomo ni halali ya mpita njia, ni lazima mmoja wa watu wa nyumba aketi pale. Anayeketi hafanyi kazi. Asiyefanya kazi halipi. Nilimuuliza Katibu kama serikali imeliona hilo. Akasema imeliona mara tatu, na mara ya tatu kwa michoro ya rangi.

Bi Mashavu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mikono na mchache wa maneno, mwenye nyuzi za sufi nyusini siku zote. Alikuwa amekopa cherehani kutoka kwa Bwana Sahali, mkopeshaji mkubwa wa Komeo, ili ashone vitambaa vya magodoro kwa haraka zaidi. Alinisimulia bila kujihurumia. Siku ya kukopa alisomewa masharti yote, maana serikali ilikwisha kupitisha sheria kwamba hakuna mkopo halali bila masharti kusomwa kwa sauti. Wakopeshaji waliipokea sheria hiyo kwa mikono miwili, wakafungua chuo cha wasomaji wa mbio. Mhitimu wa chuo hicho husoma mkataba mzima kwa pumzi moja, na ada yake huongezwa kwenye deni. Bi Mashavu aliniambia kwamba alichokishika katika masharti yale ni "karibu, mteja" na "weka dole hapa". Kisha sufi ikapanda bei, akachelewa kulipa, na mlango ukaenda.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema, akaendelea kushindilia sufi.

Aliyeketi kizingitini kwake alikuwa Bi Mize. Bibi huyu alikuwa na ulimi mkali na kifua kibovu. Alikuwa ameketi pale tangu mlango ulipoondoka, ili binti yake aweze kubeba magodoro kwenda sokoni, na kwa muda mpango huo uliwalisha wote wawili. Lakini kipupwe kilikuwa kinakaribia, na kipupwe cha Bawaba hushuka kutoka milimani na kupita barabarani kama maji ya mfereji. Tabibu alikuwa amekwisha sema waziwazi kwamba bibi akipigwa na upepo ule msimu mzima hatauona mwingine. Bi Mashavu alitaka kukaa yeye badala yake. Kumbe akikaa yeye hakuna wa kwenda sokoni, na siku ya tatu hakuna cha kupika. Walikuwa wamekwisha kubishana juu ya jambo hilo mpaka ubishi wenyewe ukachoka.

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ni kufilisika. Sheria ya Bawaba inasema mtu aliyeshindwa kabisa anaweza kupewa Hati ya Mkono Mtupu. Akiipata, madeni yake yote yanafutwa, na atakachokichuma baada ya hapo ni chake. Bi Mashavu alikuwa amekwisha kupiga mahesabu. Magodoro ya wiki chache tu yangemwezesha kununua mbao za masanduku na kumwita seremala, na mama angeingia ndani, alale karibu na jiko. Hakuwa na ndoto nyingine. Nilimwona akipima miimo kwa kamba, akiikunja ile kamba na kuiweka kifuani.

Kulikuwa na kikwazo. Ili hati itolewe, tangazo la kufilisika sharti lipigiliwe misumari kwenye mlango wa mdaiwa, likae hapo mwezi mzima, ili kila mwenye pingamizi alisome. Bi Mashavu alikwenda ofisini kuomba. Walimpa tangazo, limepigwa muhuri vizuri, na misumari minne bure, kwa kuwa misumari ni mchango wa serikali. Alipowauliza aipigilie wapi, wakamwambia swali hilo lipo katika idara nyingine. Idara nyingine ikamwelekeza kwa Bwana Sahali, ambaye hukodisha milango kwa wanaotaka kufilisika. Kodi yake ilikuwa kubwa kuliko deni la cherehani.

Kwa hiyo katika historia yote ya Bawaba hapakuwahi kutokea mufilisi hata mmoja. Kwa miaka mingi serikali ilijivunia jambo hilo. Katika dibaji ya mpango wa maendeleo, niliyoisoma mwenyewe, imeandikwa kwamba taifa lisilo na mufilisi ni taifa lenye neema.

Kilichobadili mambo hakikuwa huruma. Mabohari yalijaa. Milango ilirundikana mpaka mchwa wakaingia, na wakopeshaji wakalalamika kwamba wanalisha mchwa kwa gharama zao. Wakati huohuo nchi jirani, ambazo Bawaba ilitaka kuzikopa, zilituma wajumbe wao kusema hazitatoa kitu mpaka zione kwamba sheria ya kufilisika inafanya kazi. Waziri wa Nafuu akatangaza mageuzi makubwa. Alihitaji, kabla ujumbe haujarudi, mufilisi mmoja tu, mzima, anayeweza kupigwa picha.

Nilihudhuria mjadala Barazani, wanapotunga sheria. Swali lilikuwa tangazo lipigiliwe kwenye nini kama mlango haupo. Mjumbe mmoja, mwenye viwanda vya kufuma, alisema kwa uchungu kwamba pazia ni mlango usio na kiburi, na serikali iwauzie wadaiwa mapazia kwa mkopo nafuu. Mwingine akajibu kwamba pazia halina bawaba, na kisicho na bawaba katika nchi inayoitwa Bawaba ni matusi kwa waasisi; afadhali mkeka, ambao unaweza kutiwa bawaba. Wakagawanyika. Watu wa pazia walikaa kushoto na watu wa mkeka walikaa kulia, wakarushiana maneno mpaka chai ya saa nne. Mzee mmoja mwenye sauti nzito akauliza, kama wadaiwa watapewa kitu cha kufunga, ni nani basi atakubali kulipa, na pande zote mbili zikampigia makofi. Hakuna aliyependekeza kuwarudishia watu milango yao. Nilipomnong'oneza Bwana Idarusi juu ya hilo, alinitazama kwa upole akasema kwamba hoja ya namna hiyo ingehitaji kamati.

Siku ya pili yake Bwana Idarusi alikuja kunitembelea. Alivaa koti jeupe, akabeba mfuko wa machungwa. Alipotaka kuvuka kizingiti, Bi Mize hakusogea. Katibu akadhani hajaonekana, akasogea tena. Bibi akaendelea kutafuna tambuu yake.

"Hodi," Katibu akasema mwishowe.

"Hodi ya nani?"

"Shikamoo, bibi. Ni Idarusi, wa Tume ya Nafuu."

"Marahaba. Subiri hapo." Akageuza kichwa kuelekea ndani. "Mashavu, kuna mtu wa serikali na machungwa. Nimfungulie?"

Bi Mashavu akajibu kwamba amfungulie. Ndipo bibi akakusanya kanga yake, akaegemea mwimo wa kushoto, na Katibu akapita kiubavu. Alicheka mara moja tu. Alikaa nasi bila kula chungwa wala kunywa chai, macho yake yakirudi tena na tena kwenye mgongo wa bibi uliojikunja pale uwazini. Alipoaga, macho yake yalikuwa yamelowa. Alinishika mkono akaniambia kwamba kumbe jibu lilikuwa limeketi mbele yetu siku zote.

Kifungu alichokiandika kilikuwa kifupi: mtu mzima aliyeketi kizingitini kwa nia ya kulinda nyumba atahesabiwa kuwa ni mlango wa nyumba hiyo. Baraza likakipitisha kwa kauli moja. Watu wa pazia na watu wa mkeka walikumbatiana. Gazeti la serikali likaandika kwamba hatimaye sheria imepata moyo, na chini yake likachapa picha ya Waziri akiwa amekaa juu ya kizingiti cha ofisi yake kwa dakika chache, kuonyesha mfano.

Asubuhi iliyofuata mkaguzi wa serikali alikuja na tangazo la Bi Mashavu. Misumari haikufaa, akatumia pini. Alilibandika kifuani mwa Bi Mize, juu ya kanga, akarudi nyuma hatua chache kuona kama limenyooka. Bibi alimuuliza kama anaweza kumwandikia pia kwamba kuna magodoro yanauzwa. Mkaguzi akasema mlango haupaswi kubeba matangazo mawili.

Hapo ndipo kipupwe kilipoingia. Bi Mashavu alikwenda kwa mkaguzi kuomba akae yeye, na tangazo libandikwe kwake. Akajibiwa kwamba mlango haubadilishwi katikati ya tangazo, mwezi ungeanza kuhesabiwa upya. Alishona koti zito la sufi, akamvika mama yake. Mkaguzi akalifungua vifungo, kwa kuwa kulifunika tangazo ni kosa. Basi bibi akalivaa mgongoni tu, na kifua, ambacho ndicho kilichokuwa kibovu, kikabaki wazi kwa ajili ya wasomaji. Watu walikuja kulisoma. Wengine walisimama karibu mno, wakimpumulia usoni, wakifuata mistari kwa kidole. Mkaguzi alipita kila siku, na siku moja alimwomba bibi ajitahidi kukohoa pembeni, maana karatasi ilikuwa ikitikisika na mwananchi mmoja alikuwa amelalamika kwamba hawezi kuisoma.

Sikuwa mgeni wa kukasirika katika nchi za watu. Nimeona mengi na nimenyamaza mengi. Lakini siku ile nilitoka nje nikatembea mpaka nikapotea, ili nisimwambie mkaguzi neno ambalo lingewagharimu wenyeji wangu mwezi mwingine.

Mwezi uliisha na hakuna aliyepinga. Hati ya Mkono Mtupu ilitolewa mbele ya nyumba, kwa bendi ya tarumbeta, na ujumbe wa nchi jirani ukiwa umekaa chini ya turubai. Waziri alisema kwamba leo Bawaba imempata mufilisi wake wa kwanza, na kwamba huyu hatakuwa wa mwisho. Watu wakashangilia. Bi Mashavu aliipokea hati kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia kifuani pamoja na ile kamba yake ya vipimo. Fedha kidogo ya mbao alikuwa amekwisha kuidunduliza mwezi ule, na seremala alikuwa aje kesho yake. Alinionyesha kwa macho, bila kusema, pale ambapo kitanda cha mama kingewekwa.

Turubai lilikuwa halijakunjwa vizuri alipofika karani wa mgawanyo. Huyu ndiye anayehakikisha kwamba mkono mtupu ni mtupu kweli. Sheria mpya ilikuwa ya huruma, alieleza, na mengi yalisamehewa. Cherehani ilisamehewa, kwa kuwa ni chombo cha kazi. Sufuria na vitanda vilisamehewa. Hata fedha kidogo ya mbao ilisamehewa, maana fedha ambayo haijatumika huhesabiwa kuwa ya chakula. Kisha akageuka kuelekea njiani.

"Na huu mlango," akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Karani akaeleza tena, taratibu, kwa heshima. Milango haikusamehewa. Milango tangu zamani ni ya wadai. Mlango wa kwanza wa Bi Mashavu uliliwa na mchwa boharini, kwa hiyo mdai hakuwahi kufidiwa, na sasa nyumba ilionekana kuwa na mlango wa pili, ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutambua kwa mwezi mzima na kuukagua kila siku.

Wachukuzi wa Bwana Sahali walikuja na mkokoteni. Walikuwa vijana wa kazi, wenye adabu. Walimviringisha Bi Mize kwa jamvi, wanavyofanya kwa milango yote ili isichubuke njiani. Bi Mashavu aliushika mkokoteni kwa mikono yake yote miwili, akaburutwa nao mpaka kona, na wale vijana wakamsihi auachie, kwa kuwa wao wametumwa tu. Bi Mize hakupiga kelele. Aliomba tu kijaluba chake cha tambuu, na walipomletea akawaambia wamshike kwa adabu, yeye si mzigo wa kuni.

Nilimsindikiza Bi Mashavu kwa Bwana Idarusi. Katibu alisikiliza, akafunika uso kwa viganja, na nina hakika alikuwa akilia kweli. Alisema hilo halikuwa kusudio la Tume. Alisema atapeleka marekebisho Barazani mara tu litakapokaa, nalo lingekaa kipupwe kikiisha. Kwa sasa aliweza kufanya jambo moja, akalifanya palepale mbele yetu: aliandika agizo kwamba milango yote iliyo hai ndani ya mabohari ipewe blanketi.

Bohari la Bwana Sahali lilikuwa refu na baridi. Milango ilisimamishwa kwa safu, imeegemeana, na harufu ya ubao mkuukuu ilijaa puani. Bi Mize alikuwa ameketi mwisho wa safu moja, kati ya mlango wenye njumu na mlango wa duka la nyama. Blanketi lilikuwa bado halijafika. Mthamini alikuwa amesimama mbele yake, akimgonga bega kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Bawaba zimelegea," alimwambia Bwana Sahali, "lakini ubao ni wa kale. Siku hizi hauupati."

Katika biashara ya milango kitu cha kale huongezeka thamani. Alitaja bei. Ilikuwa mara nyingi zaidi ya deni la cherehani, na Bi Mashavu alipoisikia aliishika nguzo.

Bwana Sahali alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi nilijitolea kulipa. Alinishukuru, akasema sheria hairuhusu. Mgeni hana mlango katika nchi hii, na asiye na mlango wala hajawahi kuwa nao hatambuliki kama mtu katika mikataba. Nikamwambia basi amwachilie mama wa watu bure, maana hata kumlisha ni hasara kwake.

"Bwana mgeni, na mimi nina mama," alinijibu. "Lakini nikimtoa huyu bure, kesho barabara nzima itakuja kuniuliza kwa nini ninakaa na milango yao. Hapo nitawajibu nini?"

Kisha akamgeukia Bi Mashavu, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli. Alimweleza kwamba katika Bawaba nzima hakuna mtu anayekopesheka kuliko yeye. Kila mwingine ana deni mahali fulani. Yeye peke yake ana hati ya serikali inayothibitisha kwamba hadaiwi na mtu. Angeweza kupewa leo hii mkopo wa kununua chochote alichokiona mle boharini, na rehani isingehamishwa, ingekaa nyumbani kwake kwa muda wote atakaokuwa akilipa vizuri. Hayo nayo yalikuwa sehemu ya mageuzi.

Bi Mashavu aliiachia nguzo. Mama yake alikohoa kule mwisho wa safu.

"Nakopa," akasema.

"Unaweka nini rehani?" aliuliza Bwana Sahali, ingawa alijua, kwa sababu sheria inamtaka aulize.

"Mlango."

Msomaji wa mbio akaitwa. Alivuta pumzi, akasoma, akamaliza kabla sijapata pa kukaa. Bi Mashavu akaweka dole. Baadaye niliambiwa kwamba Wizara iliutaja mkopo huo katika taarifa yake kama ushahidi kuwa mufilisi wa Bawaba hurudi kwenye uchumi siku ileile, jambo ambalo nchi jirani hazijaliweza.

Tulimrudisha Bi Mize kwa mkokoteni uleule, katika jamvi lilelile, upepo ukivuma. Wachukuzi walimteremsha taratibu. Bi Mashavu akamshika mkono ili amwingize ndani, kwenye kitanda alichokwisha kukitandika, lakini kijana mmoja akakohoa kidogo na kukumbusha, kwa aibu, kwamba mkataba unasema rehani ikae mahali pake. Walikuwa wametumwa waone inakaa, ndipo waondoke. Bi Mashavu akasimama katikati ya uwazi, amemshika mama yake, asijue ampeleke upande gani. Nilitamani aseme neno lolote, hata la matusi.

Bi Mize ndiye aliyeutoa mkono wake. Alijipangusa vumbi la jamvi, akafunga kanga kifuani, akaketi kizingitini.

"Mama, nitalipa," Bi Mashavu akasema. "Nitashona usiku na mchana. Kipupwe hakitaisha kabla sijakuingiza ndani."

"Nilisikia wakinipigia hesabu," alisema Bi Mize. "Baba yako alinioa kwa mbuzi wawili, na mmoja alikuwa anachechemea. Leo nimeisikia bei yangu, Mashavu. Barabara hii nzima hakuna mlango wa bei hiyo."

Hakuwa akitania. Alinyoosha mgongo, ambao kwa mwezi mzima sikuwahi kuuona umenyooka, akaukabili upepo. Bi Mashavu alimtazama, kisha akaingia ndani. Punde nikasikia cherehani ikianza. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na mfuko wangu begani, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Bi Mize alinitazama juu hadi chini.

"Bwana mgeni, ama uingie ama utoke," akaniambia. "Nafunga."